Nataka kufanya utafiti darasani kwangu, nianzie wapi?

Mshauri, habari za kazi.

Nafundisha Hisabati katika shule ya msingi ya serikali upande wa Kayenze, Ilemela, si mbali na mwalo. Mwakani nitakuwa na Darasa la Tano, mikondo yote miwili: A ina wanafunzi 61, B ina 58. Kila mwaka tukifika kwenye mada ya sehemu, mambo yanaharibika. Nikiandika ubaoni 1/2 + 1/3, karibu nusu ya darasa wananiletea 2/5. Nikisahihisha leo, wiki ijayo wamerudi palepale.

Nimeamua mwaka mzima wa masomo niufanyie utafiti. Kichwa nilichoandika ni "Sababu za wanafunzi wa shule za msingi kufanya vibaya katika Hisabati mkoani Mwanza". Nimeshaandaa dodoso la maswali 40 kwa wazazi, walimu na wanafunzi. Pia nataka mkondo A niwafundishe kwa zana, mkondo B niwaache kwa njia ya kawaida mpaka Desemba, halafu nilinganishe mtihani wa kufunga mwaka. Mwalimu mkuu amekubali, ila anataka kazi hiyo niiwasilishe kwenye jumuiya yetu ya ujifunzaji ya MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini), isiishie kabatini.

Yanayonisumbua ni haya. Wakati wa giza, dagaa wanapovuliwa, watoto wengi asubuhi wako ufukweni wanaanika. Mbalamwezi ikija wanarudi shuleni. Mwenzangu mmoja ananiambia bila sura tano na takwimu za kompyuta huo si utafiti. Fedha sina, hata rimu ya karatasi naipata ofisini kwa kubembeleza. Na kibali sijui naombea wapi. Naomba unipangie tangu Januari.

Mwalimu wa Hisabati, Kayenze

*

Mwalimu, kazi ni njema, na sehemu nzuri kuliko zote katika barua yako ni ile 2/5. Utafiti wako uko hapo. Kichwa ulichokiandika kinataka mkoa mzima, kuanzia Kwimba hadi Ukerewe, na wewe una mikondo miwili. Tena kinauliza "sababu", na dodoso halitakupa sababu: mzazi atakuandikia umaskini, mwalimu ataandika msongamano, mwanafunzi ataandika kwamba Hisabati ni ngumu. Wote watakuwa wamesema kweli, na Jumatatu utaingia darasani bila cha kubadilisha. Dodoso liweke kando lote.

Unachotaka kinaitwa utafiti tendaji. Mwanasaikolojia Kurt Lewin alipouandikia mwaka 1946 aliueleza kama mzunguko: unapanga, unatenda, unaangalia kilichotokea, unapanga upya. Mwalimu anaufanya ndani ya vipindi vyake, juu ya jambo analoweza kulibadilisha mwenyewe. Kwa hiyo swali liwe dogo kiasi hiki: je, wanafunzi wa Darasa la Tano wakipima na kulinganisha vipande vya karatasi kabla ya kupewa kanuni ya KDS (kigawe kidogo cha shirika), kosa la kujumlisha kiasi kwa kiasi (namba za juu) na asili kwa asili (namba za chini) linapungua kwa wangapi, na baada ya wiki nane bado limepungua?

Kabla ya kufundisha chochote, jua makosa yako kwa majina. Chukua daftari 30 za Darasa la Tano la mwaka huu, kabla hazijaishia kufungia maandazi, utafute walipojumlisha sehemu zenye asili tofauti. Utakuta makosa yanajipanga yenyewe. Kuna anayeandika 1/2 + 1/3 = 2/5; huyo mpe herufi P. Kuna anayejua asili iwe 6 lakini anaacha viasi kama vilivyo na kuandika 2/6. Huyo ni Q. Kuna aliyefuata njia yote sawa ila 6 gawanya kwa 2 akapata 4. Huyo ni R, kosa lake ni la hesabu za kawaida. Aliyeacha wazi au jibu lake halisomeki ni W. Aliyepata mpe tiki, na kama hakurahisisha bado ni tiki, maana kurahisisha si swali lako mwaka huu.

Herufi hizi ndizo zitakazobeba kazi nzima. Mwanafunzi aliyetoka kwenye 2/5 akafika kwenye 2/6 amepiga hatua kubwa: ameelewa kwamba vipande lazima viwe vya ukubwa mmoja ndipo vihesabiwe pamoja. Lakini kwa alama, jana alipata mkasi na leo amepata mkasi. Ukitegemea alama peke yake utaandika kwamba hakuna kilichobadilika, na utakuwa umekosea.

Sasa zana. Karatasi moja ya A4 ina upana wa sentimeta 21, ikikatwa kwa urefu inatoa vipande saba vya upana wa sentimeta 3. Urefu wake ni 29.7, ukate ubaki 24 kamili. Namba 24 ina sababu yake: nusu yake ni sentimeta 12, theluthi 8, robo 6, sehemu ya sita 4, na yote inapimika kwa rula ya mwanafunzi bila desimali. Kila wawili wapewe vipande vitano: kimoja kizima, na vinne vya kugawa kwa nusu, theluthi, robo na sita. A wana jozi 31 (mmoja atafanya peke yake), B 29, jumla 60, kwa hiyo vipande 300. Karatasi 43 zinatosha, andaa 45. Zilizotumika upande mmoja zinafaa kabisa, kwa hiyo waachie ofisi rimu yao.

Vipande vikate mwenyewe. Ukiwaachia wanafunzi, mmoja atakuwa na cha sentimeta 24 na jirani yake cha 22, halafu nusu ya huyu italinganishwa na theluthi ya yule, na utakuwa umewafundisha kosa jipya kwa mikono yako. Theluthi wasizikunje kwa kukadiria macho. Waweke alama kwenye 8 na 16 kwa rula ndipo wakunje. Kisha mwanafunzi alaze nusu na theluthi mstari mmoja juu ya kipande kilichogawanywa kwa sita: sentimeta 12 na 8 zinafika 20, ambazo ni vipande vitano vya sentimeta 4. Jibu 5/6 amelishika mkononi. Aliyeandika 2/5 mwambie apime mbili ya tano ya kipande kizima. Atapata 9.6, fupi kuliko nusu aliyoanza nayo. Mwulize nusu kilo ya dagaa ukiiongezea theluthi inapunguaje, halafu nyamaza, mwache ahangaike nayo.

Vipindi sita vya dakika 40 vinatosha, viwili kila wiki kwa wiki tatu. Vingine vya wiki hizo endelea na ratiba. Vinne vya mwanzo ni vya vipande, cha tano waandike kwa namba kile walichokifanya kwa karatasi, cha sita kanuni bila karatasi. Walimu wengi hukwama kwenye cha tano: wanaruka moja kwa moja kwenda kwenye KDS kwa sababu muda umebana, na wanafunzi wanabaki na mchezo wa karatasi upande mmoja na kanuni upande mwingine, vitu viwili visivyojuana.

Kuhusu kumnyima mkondo B mpaka Desemba, hapana. Kama njia inafaa, hakuna sababu ya watoto 58 kuikosa kwa ajili ya jedwali lako. A waanze na vipande huku B wakisoma mada ileile kwa njia yako ya kawaida: idadi ileile ya vipindi, maswali yaleyale ya mazoezi. Bila hivyo utakuwa unalinganisha muda. Baada ya kipimo cha pili, B nao wapewe vipindi vyao vya vipande. Utafiti hauharibiki kwa hilo, unaimarika: kama kosa P lilishuka A walipopata vipande, na likashuka B pia walipopata zamu yao, una ushahidi mara mbili. Angalia na ratiba. Ikiwa A wana Hisabati saa mbili asubuhi na B baada ya chakula cha mchana, zungumza na mwalimu wa taaluma mpishane katika wiki hizo tatu.

Vipimo ni vitatu: kabla, mara baada ya wiki tatu, na wiki nane baadaye. Kila kimoja maswali manane kwa dakika 30: mawili ya asili sawa, manne ya asili tofauti, moja la kulinganisha sehemu mbili, moja la maelezo. Yote 24 yatunge siku moja, ukiyapanga matatu-matatu yenye ugumu unaolingana (1/2 + 1/3, 1/2 + 1/5, 1/3 + 1/4 ni kundi moja, 1/2 + 1/4 ni rahisi zaidi, isiingie humo), kisha kila kipimo kichukue moja kutoka kila kundi. Anayetunga kipimo cha pili baada ya kufundisha hujikuta ametunga chepesi bila kujua, na matokeo yanapanda bure. Wajaribu maswali hayo wanafunzi kumi wa Darasa la Sita mwezi Machi uone kama lugha inaeleweka na dakika 30 zinatosha.

Huhitaji kudurufu. Andika ubaoni, wajibu kwenye nusu karatasi ya daftari. Kwa kuwa wanakaa watatu dawati moja, wa pembeni waanze namba 1 kwenda 8, wa katikati aanze namba 8 kurudi 1. Kutazamiana hakutaisha, lakini kutapungua. Waandike namba yao ya daftari la mahudhurio badala ya jina.

Ukimaliza kuweka herufi, mpe mwalimu mwenzako karatasi 20 ambazo hujaziandika chochote na maelezo ya P, Q, R na W, naye aweke za kwake. Pengine utampa huyo wa sura tano, apate kazi. Kwa swali lilelile la asili tofauti, mkikubaliana kwenye karatasi 16 au zaidi, endelea. Mkipishana zaidi ya hapo tatizo liko kwenye maelezo yako ya herufi, si kwa mwenzako. Yaandike upya na usahihishe tena zote.

Sasa suala la giza, ambalo umelitaja kama kero wakati ndilo linaloweza kuubomoa utafiti wote. Kwanza lithibitishe. Chukua daftari la mahudhurio la mwaka huu, hesabu waliokosa kila wiki, na pembeni andika tarehe za mwezi mpevu na mwezi mwandamo. Ikiwa kupanda na kushuka kunafuata mwezi kama unavyosema, basi ukipima A wakati wa mbalamwezi na B wakati wa giza umepima mwezi. Mzunguko ni siku 29 na nusu. Ndiyo maana sikukupa kipimo cha tatu baada ya wiki sita, kama wengi wanavyofanya: siku 42 zinakutoa kwenye mbalamwezi na kukutupa karibu na giza. Wiki nane ni siku 56, na miezi miwili ya angani ni 59, kwa hiyo unarudi karibu palepale. Kutoka kipimo cha kwanza hadi cha pili acha wiki nne, siku 28, inaingia vizuri. Ukichagua kipimo cha kwanza siku mbili tatu baada ya mwezi mpevu, vyote vitatu vitaangukia katika kipindi ambacho watoto wengi wapo.

Hata hivyo wapo watakaokosa. Tuseme watoto watano walipata 2, 3, 3, 7 na 8 katika kipimo cha kwanza. Wastani ni 4.6. Wa 2 na mmoja wa 3 hawakuja kwenye cha tatu, na waliobaki wakapata alama zao zilezile. Wastani sasa ni 6, na hakuna aliyejifunza kitu. Kwa hiyo linganisha wale tu waliofanya vipimo vyote vitatu, kisha andika waziwazi ni wangapi walikosa kimoja au zaidi na walikuwaje kwenye cha kwanza. Pia kwa kila mtoto hesabu alihudhuria vipindi vingapi kati ya vile sita. Aliyehudhuria viwili huwezi kusema vipande vimemshinda.

Orodha hiyo ya watoro isitoke mikononi mwako. Ukiona mtoto yuko mwaloni kila giza, hilo mpelekee mwalimu wa malezi kwa njia ya kawaida. Kwenye ripoti hakuna jina wala maelezo yatakayomtambulisha mzazi wake. Picha za wanafunzi usipige mpaka wazazi wakubali.

Kibali kwa kazi ya ndani ya darasa lako hakina safari ndefu: barua ya ukurasa mmoja kwa mwalimu mkuu yenye swali, madarasa, tarehe na namna utakavyotunza taarifa, naye aijibu kwa maandishi na kumjulisha Afisa Elimu Kata. Kamati ya shule na wazazi waambiwe kwenye kikao cha mwanzo wa mwaka. Ikiwa baadaye utaitumia kazi hii kwa shahada, au utaingia shule nyingine, mambo yanabadilika: chuo kitakupa barua na utapita kwa mkurugenzi wa halmashauri. Vibali vya utafiti ngazi ya taifa viko chini ya Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH. Uliza kabla ya kukusanya taarifa. Kurudi nyuma kuomba kibali cha kitu kilichokwisha kufanyika ni mateso.

Kalenda ifuate azimio lako la kazi, maana huwezi kuhamisha mada kwa ajili ya utafiti. Nachukulia sehemu zinaangukia mwanzoni mwa muhula wa pili. Kama kwako zinaangukia Aprili, sogeza yote yaanze mapema, lakini jiandae kwa masika, kwa sababu mvua ikipiga bati hakuna kipimo cha dakika 30 kitakachofanyika. Wiki mbili za mwanzo wa Januari usiguse kitu, wanafunzi bado wanahama na mikondo haijatulia. Kuanzia hapo hadi mwisho wa Februari: daftari 30, herufi, barua. Machi, jaribio la maswali. Aprili na Mei kata vipande jioni chache na uvifunge kwa namba za jozi. Mitihani ya kufunga muhula ikifika mwachie mwalimu wa taaluma nafasi yake.

Shule zikifunguliwa Julai, tafuta mwezi mpevu kwenye kalenda na upange kipimo cha kwanza katika Julai hiyo. Zinafuata wiki tatu za kufundisha. Iondoe Nane Nane kwenye hesabu kama inaangukia humo. Kipimo cha pili kitakuwa Agosti, na B waanze vipande mara moja, ikiwezekana wamalize kabla ya Septemba. Darasa la Saba wakifanya mtihani wao Septemba shule inakuwa kituo, na wewe mwenyewe unaweza kupangiwa usimamizi kwingine; kisha kuna likizo fupi. Mwezi huo usipange lolote. Kipimo cha tatu kiwe Oktoba, kikiepuka tarehe 14 na siku za upimaji wa Darasa la Nne. Darasa lako halina mtihani wa taifa, na hilo ndilo linalokupa nafasi ambayo wenzako wa la Nne na la Saba hawana.

Vipimo vinakuambia wangapi, havikuambii kwa nini. Baada ya kila kipimo chagua wanafunzi sita kwa herufi zao, wawili P, wawili Q, wawili waliopata, ukae na kila mmoja dakika tano na karatasi yake mbele yenu. Swali ni moja: "Nieleze ulivyofanya hapa." Usimsahihishe wakati anaeleza. Ukimsahihisha ataanza kukupa jibu unalolitaka, na umempoteza. Andika maneno yake kama alivyoyasema, ukichanganya Kisukuma au Kikerewe kama ndivyo alivyochanganya.

Na kila kipindi kikiisha, kabla hujaondoka darasani, andika mistari mitano kwenye kauntabuku: tarehe na mkondo, waliohudhuria, ulichobadilisha kwenye andalio, kilichokwama, swali moja la mwanafunzi lililokushangaza. Mistari inayoandikwa Ijumaa kwa ajili ya wiki nzima huwa inafanana yote.

Kompyuta huihitaji. Fungua kurasa mbili za kauntabuku, kila mtoto mstari mmoja: namba, mkondo, vipindi alivyohudhuria, na herufi aliyoipata zaidi kwenye yale maswali manne katika kila kipimo. Mistari 119 inahesabika kwa kalamu jioni moja. Jedwali la ripoti litakuwa dogo: P, Q, R, W na tiki upande mmoja, vipimo vitatu upande mwingine, A na B tofauti. Andika idadi pamoja na asilimia, kamwe asilimia peke yake. Usiandike kwamba vipande "vimethibitika" kufaa. Una mikondo miwili ya shule moja na mwalimu mmoja ambaye anaipenda njia yake. Andika kilichotokea kwenu na mazingira yake, mwalimu wa Igombe au Sengerema ataamua mwenyewe kama yanafanana na yake.

Kuhusu sura tano, hizo ni za tasnifu ya chuo. Jumuiya yenu itasoma kurasa sita hadi nane zikiwa na swali, ulichofanya wiki kwa wiki, jedwali, maneno ya wanafunzi, waliokosekana, na utakachobadilisha mwakani. Iandike Novemba na uiwasilishe kabla shule hazijafungwa. Siku ya kuwasilisha chukua bahasha moja ya vipande na karatasi tatu za mwanafunzi mmoja (namba tu, bila jina) aliyetoka P akapita Q akapata tiki. Kama hakuna hata mmoja wa namna hiyo, chukua za aliyebaki P mara zote tatu pamoja na maelezo yake ya dakika tano, ziwekeni mezani mzijadili hizo.